Kipepeo wa Aprili na Kipepeo wa Julai: Jinsi ya Kuwafuatilia Ukiwa Kabalagala

Swali ni lilelile, anayebadilika ni mwulizaji. Mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kansanga ameniuliza. Mama mwenye mgahawa kando ya barabara ya Ggaba ameniuliza. Kijana wa boda aliyenikuta nimechuchumaa kwenye nyasi alizima pikipiki akaniuliza: mbona mwezi wa nne vipepeo wa hapa wana macho makubwa mabawani, na mwezi wa saba wamebaki wa kahawia, kama jani lililokauka? Ni aina mbili? Wale wa kwanza wamehama? Au hawa wa sasa ni wagonjwa?

Si wagonjwa, na mara nyingi si aina mbili. Ni ukoo mmoja uliokulia katika misimu tofauti. Lakini sitaki uniamini kwa kuwa nimesema mimi. Nataka ujionee mwenyewe kwa rula, daftari na ndizi zilizoiva kupita kiasi, hapahapa mtaani, hata kama unakaa chumba cha kupanga na nyasi pekee ulizonazo ni zile za nyuma ya bafu.

Kabla hujaanza

Shika jambo moja, mengine yote yanalifuata: bawa halibadiliki. Kipepeo akishatoka kwenye pupa, rangi na ukubwa wake vimekwisha kuamuliwa, na tangu hapo ni kuchakaa tu. Uamuzi ulifanyika kiwavi alipokuwa akimalizia kula, na katika siku za mwanzo za pupa. Joto likiwa juu, homoni inayosimamia ukuaji hupanda mapema na macho ya bawani hutoka makubwa. Joto likishuka, homoni huchelewa na macho hubaki vitone.

Maana yake ni kwamba kipepeo unayemwona leo anakusimulia hali ya hewa ya majuma mawili matatu kabla hajatoka kwenye pupa. Mvua ya jana haimhusu. Wengi hukosea hapo: mvua ya kwanza ya Machi ikinyesha, kesho yake wanatoka kutafuta vipepeo wa masika, wanakuta wa kahawia, wanarudi nyumbani wakisema habari hizi ni uongo. Wangesubiri hadi Aprili.

Faida ya mabadiliko haya ni rahisi kuielewa ukikaa nje ukatazama. Nyasi zikiwa mbichi, kipepeo yuko mbioni kutafuta mwenzi na kutaga. Macho yaliyo ukingoni mwa bawa humvuta ndege au mjusi adonoe ukingo, naye akaponyoka na bawa lililopasuka badala ya kupoteza mwili. Nyasi zikikauka hana pa kutaga. Anakaa kimya juu ya majani makavu akisubiri mvua, na hapo macho yaleyale yangemchongea.

Kalenda yetu ina ukavu wa aina mbili

Hapa ndipo vitabu vinapotupoteza, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo.

Vitabu vingi hutaja umbo la mvua na umbo la kiangazi, kana kwamba kila mahali kuna kiangazi kimoja. Kusini mwa Afrika ni kweli. Kipepeo wa Afrika aliyechunguzwa kuliko wote kwa jambo hili ni Bicyclus anynana, na ukoo wake wa maabara ulitokana na majike wapatao 80 waliokusanywa Nkhata Bay, Malawi, mwaka 1988. Huko ukame huja pamoja na baridi. Kiwavi akihisi joto linashuka, amepata habari ya kuaminika kwamba nyasi zitakauka.

Sisi wa Kampala tuko karibu na mstari wa Ikweta, mwinuko wa kama mita 1,200, na ziwa liko mlangoni. Mwaka wetu unagawanyika hivi:

- Masika, ambayo Waganda huiita ttoggo: Machi hadi Mei. Mvua nyingi, nyasi hukua usiku na mchana.
- Kipupwe: Juni hadi Agosti. Mvua hupungua, na ndiyo miezi yetu ya ubaridi.
- Vuli, yaani ddumbi: Septemba hadi Novemba, na mara nyingine huingia Desemba.
- Kiangazi: Desemba mwishoni hadi Februari. Mvua hupungua tena, na ndiyo miezi yetu ya joto kali zaidi.

Umeuona mtego? Kipupwe ni kikavu na cha baridi, kiangazi ni kikavu na cha moto. Kiwavi wa Julai hupata ishara zote mbili zikikubaliana. Kiwavi wa Januari anatafuna nyasi ngumu, lakini joto linamwambia habari ya mvua. Ubora wa nyasi nao una nguvu yake, kwa sababu kiwavi anayekula nyasi duni hukua polepole. Kwa hiyo ukikuta Februari kipepeo mwenye macho makubwa juu ya nyasi zilizokauka, usidhani umekosea. Andika. Na kwa kuwa joto la Kampala halipandi wala kushuka sana mwaka mzima, utakuta wengi wa katikati, ambao macho yao si makubwa wala si vitone. Hao nao waandike. Kinachoharibu daftari ni kumlazimisha kila kipepeo aingie upande mmoja.

Angalia pia mahali ulipo. Juu Muyenga kuna bustani zinazomwagiliwa kwa mpira mwaka mzima. Ukishuka kuelekea mitaro na mabonde ya chini, nyasi hubaki mbichi kwa sababu ya maji ya ardhini. Katikati ya Kabalagala, kati ya ukuta na ukuta, nyasi hukauka ndani ya wiki moja. Usichanganye sehemu hizi tatu katika ukurasa mmoja.

Nani wa kufuatilia

Vipepeo ambao Waganda huwaita ebiwojjolo ni wengi mno. Uganda ina zaidi ya aina 1,200. Chagua mmoja, wawili wakizidi.

1. Melanitis leda, kipepeo wa jioni. Ni mkubwa, huruka jua linapozama, na huingia nyumbani akifuata taa. Yule anayegonga balbu ya mgahawa saa moja usiku, mara nyingi ni yeye. Wa mvua ana macho ya wazi upande wa chini wa bawa. Wa ukavu hana, na ncha ya bawa lake imechongoka zaidi kama ncha ya jani. Kwa anayeanza, huyu ndiye bora.
2. Bicyclus safitza. Mdogo, wa kahawia, hurukaruka chini kwenye nyasi za kivulini. Bawa la mbele lina urefu wa karibu milimita 20. Wapo wengi, kwa hiyo utapata idadi ya kutosha kulinganisha.
3. Precis octavia. Ukimpata una bahati. Wa mvua ni mwekundu wa machungwa mwenye madoa meusi, wa ukavu ni wa buluu iliyokoza, na asiyejua huapa kwamba hawahusiani. Viwavi wake hula mimea ya jamii ya mnanaa yenye majani ya manyoya, ile inayopandwa kwenye nyua na kutoa maua ya buluu.

Vipepeo wadogo wa manjano wa jamii ya Eurema nao hubadilika, lakini kwao tofauti ni ya vumbi la kahawia au la waridi chini ya bawa na upana wa ukingo mweusi juu. Waache hadi jicho lako lizoee.

Na kuna mmoja wa kumwepuka kabisa kwa kazi hii: Danaus chrysippus, yule wa machungwa anayeruka kivivu mchana kweupe. Kampala ni mahali ambapo sura zake kadhaa hukutana. Yuko mwenye ncha nyeusi na mkanda mweupe, yuko asiye na ncha nyeusi, yuko mwenye bawa la nyuma jeupe. Denis Owen, aliyefundisha Makerere miaka ya 1960, alimshughulikia sana hapahapa mjini. Sura hizo hurithiwa kwa mama na baba, haziletwi na joto la mahali alipokulia kiwavi. Sura moja inaweza kuzidi miezi fulani na kupungua miezi mingine, kwa hiyo ni rahisi mno kudhani ni msimu umembadilisha. Nimeona daftari la mwaka mzima likiharibika kwa kosa hili, na mwenye daftari alikuwa mwangalifu kuliko mimi.

Chambo

Melanitis na Bicyclus hawashughuliki sana na maua. Wanapenda tunda lililochacha. Ndizi bora ni ndiizi, zile ndogo tamu, zikiwa zimeiva hadi ganda limekuwa jeusi. Ndizo zilezile ambazo akina mama huponda na unga wa muhogo kupikia kabalagala, ile chapati tamu yenye jina moja na mtaa wetu. Muombe muuzaji zilizopitiliza hata kwa kabalagala, atakupa kwa bei ndogo au bure.

- Ponda ndizi nne au tano, tia kwenye kopo, funika bila kukaza, acha siku mbili. Ukiwa na tonto kidogo, ongeza kijiko; itachacha haraka.
- Weka kijiko kimoja kwenye sahani, kivulini, karibu na nyasi, kama futi moja juu ya ardhi.
- Pitia asubuhi saa tatu kwa ajili ya Bicyclus, na saa kumi na mbili na nusu jioni kwa ajili ya Melanitis.
- Badilisha chambo kila siku ya tatu. Chambo kilichokauka hakiiti mtu.

Kama unataka kuwashika, tengeneza mfuko wa neti ulioziba juu na kuacha nafasi chini, sahani ikiwa katikati. Kipepeo akishakula hupenda kuruka kwenda juu, naye anabaki mfukoni.

Sasa sikiliza kwa makini. Usitumie chandarua cha mbu. Vyandarua vingi vinavyogawiwa nchini vimetiwa dawa, na dawa hiyo huua kipepeo kama inavyoua mbu. Nenda soko la Owino ukanunue pazia kuukuu la neti, ulifue kwa maji matupu mara mbili, ndipo ulishone.

Kupima

Mshike kwa vidole viwili mabawa yakiwa yamefumbwa juu ya mgongo, karibu na mwili. Usimshike ncha. Unga unaobaki kwenye vidole ni magamba ya bawa, na ndiyo yenye rangi unayoitafuta.

Pima bawa la mbele, kutoka linapoungana na mwili hadi ncha, kwa milimita. Usipime upana wa kipepeo aliyekunjua mabawa. Hakuna watu wawili watakaomkunjua sawasawa. Kisha geukia upande wa chini wa bawa la nyuma na upime kipenyo cha jicho lililo kubwa kuliko yote. Mpige picha akiwa kivulini, rula ikiwa pembeni, muda uleule kila siku. Picha ya juani humfanya wa kahawia aonekane wa dhahabu.

Mstari mmoja wa daftari uwe na haya:

- tarehe na mahali hasa
- jina la kipepeo
- dume au jike
- urefu wa bawa la mbele
- kipenyo cha jicho
- mpya au aliyechakaa
- hali ya nyasi: mbichi, nusu, kavu

Dume na jike ni lazima watenganishwe, maana jike kwa kawaida ni mkubwa. Tumbo lake ni nene. Ukichanganya, mwezi uliowashika majike wengi utaonekana mwezi wa vipepeo wakubwa. Kabla ya kumwachia, weka nukta ndogo ya kalamu ya wino usiofutika chini ya bawa, usije ukamhesabu mara tatu.

Safu ya "mpya au aliyechakaa" ndiyo watu huiruka. Wa ukavu huishi muda mrefu akisubiri mvua, kwa hiyo mwanzoni mwa masika utamkuta bado yupo, amepauka na kupasuka, pamoja na vijana wapya wenye macho. Bila safu hiyo utaandika kwamba Aprili ilikuwa na mchanganyiko usioelezeka.

Kufuga: hapa ndipo shaka huisha

Kutazama pekee hakutoshi. Mwekundu na wa buluu wa Precis octavia walihesabiwa kuwa aina mbili na wataalamu wenye majina makubwa, hadi mwaka 1898 Guy Marshall, aliyekuwa akiishi karibu na Salisbury, leo Harare, alipofuga kutokana na mayai ya mwekundu akapata wa buluu. Hakuna hoja iliyobaki baada ya hapo. Nawe unaweza kufanya hivyo na Melanitis au Bicyclus, barazani.

1. Panda mahindi kwenye makopo, yafikie urefu wa kiganja. Tumia mahindi ya kula ya sokoni. Mbegu za duka la kilimo zenye rangi ya waridi au kijani zimepakwa dawa, na kiwavi atakufa siku ya pili bila wewe kujua sababu.
2. Funika kopo kwa neti, ingiza jike mmoja uliyemshika, na kipande cha ndizi.
3. Baada ya siku mbili tatu tafuta mayai: vitone vya duara, vyeupe vinavyong'aa, kwenye majani. Mwachie mama aende zake.
4. Viwavi wakitoka, wagawe mafungu mawili, watoto wa mama mmoja huku na huku. Fungu moja liwe chumba chenye joto, kama kile cha mabati. Jingine liwe sakafuni kwenye chumba chenye kivuli na upepo.
5. Weka kipimajoto kila upande, usome asubuhi na jioni. Maabara hutumia nyuzi kama 20 na 27. Ukipata tofauti ya nyuzi nne au tano, inatosha.
6. Majani yawe mengi daima, pande zote mbili.
7. Kipepeo akitoka, mwache saa kadhaa mabawa yakauke na kukaza ndipo umpime.

Kutoka yai hadi kipepeo hesabu wiki nne hadi sita kwa joto la nyumbani, na fungu la ubaridi litachelewa. Usilikatie tamaa. Kwa sababu limekula muda mrefu zaidi, mara nyingi ndilo litakalotoa wakubwa wa mwili wenye macho madogo. Watoto wa mama mmoja watakaa mbele yako kwenye neti mbili, na jirani akipita ataapa ni aina mbili.

Yanayoua mradi

Sisimizi ni adui wa kwanza. Weka kila mguu wa meza ndani ya kopo la maji lenye tone la mafuta ya taa. Njia nyingine hazinisaidii.

Dawa ya mbu ya kupuliza huja ya pili. Ukipuliza chumbani, au jirani akipuliza dirishani, viwavi huisha. Waeleze watu wa nyumbani mapema na kwa upole. Wengi huelewa wakionyeshwa kiwavi.

Msongamano huharibu vipimo hata pale usipoua. Viwavi ishirini kwenye kopo la viwavi watano hubaki na njaa, na vipepeo wao watakuwa wadogo kwa njaa, si kwa msimu. Ni vivyo hivyo kwa yule mkubwa wa mndimu, Papilio demodocus: mti mmoja mdogo ukiwa na viwavi wengi, hutoa vibete mwezi wowote ule.

Mengine kwa ufupi: usiwaweke kwenye friji, ubaridi ule ni wa kuua, usizidishe nyuzi 30, toa kinyesi kila siku kabla hakijaota ukungu, usinyunyizie maji hadi yakatuama.

Mnayonijibu

*"Mimi sina bustani."* Kiraka cha hatua mbili kwa mbili kinatosha Bicyclus, na taa ya barazani inatosha Melanitis. Kabalagala haizimi taa. Tuna nafasi kuliko watu wa vijijini.

*"Sina muda kila siku."* Basi chagua siku moja ya juma, saa ileile, usiikose. Jumamosi hamsini zinazofuatana zina thamani kuliko siku kumi na nne za bidii kisha kimya.

*"Nikienda Mabira si nitawapata wengi zaidi?"* Utawapata, lakini Mabira ni hifadhi ya msitu iliyo chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu. Kutazama na kupiga picha ni jambo moja, kushika na kuondoka nao kunahitaji kibali. Tena hutaweza kwenda kila juma. Mtaa wako unaupita kila siku.

*"Watoto watawaumiza."* Wafundishe kushika kwa kutumia jani kavu lililofumbwa kwanza. Nimeona watoto wa miaka saba wakishika vizuri kuliko wazazi wao, kwa sababu hawana haraka.

*"Nianze lini?"* Ikiwa ni Juni, anza na chambo leo, ili uwe na wa kipupwe daftarini kabla ddumbi haijaingia. Ikiwa ni Machi, panda mahindi sasa, maana majike wanaosubiri mvua wako karibu kutaga. Ikiwa ni Januari, fuatilia nyasi kuliko mwezi wowote mwingine, na usiazime jibu la mtu wa kusini.

Ukimaliza kuwapima uliowafuga, wapeleke mahali ulipomshika mama yao. Bicyclus mfungulie neti asubuhi kivulini. Melanitis ngoja hadi jua lizame, uzime taa ya baraza kwanza, ndipo ufungue. Taa ikiwaka atarudi kwenye balbu badala ya kwenda kwenye nyasi.